Mwisho wa Mwaka Mpakani: Siku ya Kupanda Mwamba wa Kakapel

Kila mwezi wa Desemba ukifika, mabasi yatokayo Nairobi, Nakuru na Mombasa huteremsha watu wengi sana katika miji ya Busia na Malaba. Makarani, walimu, mafundi na madereva hurudi kwao pamoja na watoto wao, ambao wengi wamezaliwa mjini na hawalijui shamba ila kwa kusimuliwa. Kuku huchinjwa, wimbi husagwa, na wazee huketi kukizunguka chungu kimoja cha ajono, kila mmoja na mrija wake.

Lakini siku za likizo ni chache. Mara nyingi hupita kwa kula, kulala na kusalimiana, kisha jamaa hutawanyika tena, na mtoto hurudi mjini hana la kukumbuka ila sahani ya wali. Iko namna nyingine ya kutumia walau siku moja katika siku hizo. Nayo ni kutembea kwa miguu, wakubwa kwa wadogo, mpaka mwamba wa Kakapel katika vilima vya Chelelemuk, upande wa Teso Kaskazini.

SAFARI YA ASUBUHI

Fikiri, msomaji, jamaa moja inayotoka nyumbani alfajiri kabla ya jua kuwa kali. Wamekwisha kunywa uji wa wimbi. Katika kikapu mna mihogo iliyochemshwa, karanga za kukaanga na kunde. Vijana wamebeba maji. Nyanya yao, mwenye miaka zaidi ya sabini, yuko mbele na fimbo yake, naye husimama kila baada ya hatua chache, si kwa kuchoka tu, bali kwa kuwa kila mahali pana habari yake.

“Hapa,” asema akionyesha shamba moja, “ndipo baba yenu alipolala usingizi akichunga, na ng’ombe wakamaliza wimbi la jirani. Babu yenu alilipa debe mbili.”

Watoto wamtazama baba yao, karani mwenye kalamu mfukoni, wakacheka mpaka machozi. Yeye naye acheka. “Mama, mbona hukusahau hata hilo?” auliza. Hawakupata kujua ya kuwa aliwahi kuwa mtoto mvivu, na habari hiyo hawataisahau.

HABARI ZA MPAKA

Wakipanda juu kidogo, mtoto mmoja auliza kwa nini dada wa nyanya anakaa Uganda. Nyanya ajibu, “Dada yangu aliolewa ng’ambo ya mto. Hakuolewa nchi nyingine.”

Jibu hilo lina maana kubwa kuliko mtoto anavyodhani. Kabla ya mwaka 1902 nchi yote hii, mpaka Naivasha, ilihesabiwa kuwa jimbo la mashariki la Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 serikali ya Kiingereza ililitoa jimbo hilo kwa nchi iliyokuja kuitwa Kenya mwaka 1920. Hivyo Wateso, Wasamia na wengineo wakajikuta nusu huku na nusu kule, na mito ya Malaba na Sio ambayo watu walikuwa wakiivuka kwenda arusini ikawa mipaka ya serikali mbili.

Hata hivyo watu hawakuacha kutembeleana. Huko Busia, katika miaka ya 1960, vijana wenye baisikeli walichukua abiria na mizigo baina ya vituo viwili vya mpaka, wakiita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka, “boda, boda.” Jina hilo limeenea Afrika Mashariki nzima, na leo pikipiki zimelirithi. Mwezi wa Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, ambapo msafiri hukaguliwa mahali pamoja badala ya pawili.

MWAMBANI

Kakapel ni mwamba mkubwa wenye pango la wazi, na ukutani mwake mna michoro ya kale: duara ndani ya duara, na ng’ombe wenye pembe ndefu. Haikuchorwa na mtu mmoja wala kwa wakati mmoja. Wataalamu huamini ya kwamba ile ya duara ni kazi ya wawindaji waliokaa hapa kabla ya Wateso kufika. Mwaka 2004 serikali ilipatangaza mahali hapo kuwa kumbukumbu ya taifa.

Tena iko habari itakayompendeza kila mkulima. Wataalamu waliochimba chini ya mwamba huo walitangaza mwaka 2024 ya kuwa wameona punje za kunde zenye umri wa miaka 2,300 hivi. Waliona pia mtama, na punje nyingi za wimbi zilizopata miaka 1,000 au zaidi. Kunde asili yake ni magharibi ya Afrika, mtama ulitoka upande wa kaskazini-mashariki, na wimbi ni la Afrika Mashariki yenyewe. Maana yake ni kwamba watu wa mahali mbalimbali walikutana hapa na kupeana mbegu zamani sana, kabla ya mpaka wowote kuwekwa.

Nyanya akisomewa habari hiyo afungua kikapu, achukua kunde kiganjani na kuzitazama kitambo. Kisha awagawia wajukuu wake.

Kurudi si rahisi. Magoti ya mzee yanauma, na wanawe wawili wamshika mikono mpaka bondeni. Hapo ndipo karani yule afahamu ya kuwa pengine mwakani mama yake hataweza kupanda tena.

USHAURI KWA WAENDAO

Wenye nia ya kwenda na watoke mapema, wachukue maji ya kutosha, na wawaulize wenyeji na watunzaji wa mahali. Mtu asiiguse michoro, asiimwagie maji ili ing’ae, asiandike jina lake mwambani, wala asiwashe moto chini yake. Rangi ikifutika haiwezi kurudishwa.

Tena mmoja katika vijana wanaojua kuandika na achukue daftari. Ayaandike majina ya mashamba, mito na mababu kama mzee anavyoyataja njiani, maana hayo hayakuchorwa mwambani wala popote pengine. Kazi hiyo ni ya Desemba hii, wakati mzee angali anaweza kutembea.