Tovuti kwingine, barua pepe kwingine: Jinsi jina moja linavyoelekeza sehemu mbili

KUHAMISHA tovuti ya shirika kutoka kampuni moja hadi nyingine ni kazi ya saa chache. Hata hivyo, kosa moja katika kazi hiyo laweza kukatiza barua pepe za shirika zima kwa siku kadhaa pasi na yeyote kutambua, kwa kuwa tovuti yenyewe huwa inafunguka vizuri kabisa.

Kwa ofisi kubwa ya Nairobi, huo ni usumbufu. Kwa kikundi cha wafugaji, shule au zahanati iliyo Garbatulla, mashariki mwa mji wa Isiolo, yaweza kuwa hasara isiyofidika. Mfadhili anayetoa pesa za kukarabati kisima huweka siku ya mwisho ya kupokea maombi, na maswali yake huyatuma kwa barua pepe. Asipojibiwa, huhesabu kwamba mwombaji amejiondoa. Katika eneo ambalo misimu mitano mfululizo ya mvua ilidorora kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, jibu lililochelewa si jambo dogo.

Chanzo cha tatizo hilo ni dhana kwamba tovuti na barua pepe ni kitu kimoja kwa sababu zinatumia jina moja. La hasha. Hizo ni huduma mbili tofauti, na kati yake kuna kitu cha tatu ambacho wengi hawakifahamu, nacho ni daftari la rekodi za jina.

Vitu vitatu tofauti

Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba kikundi cha wafugaji mjini Garbatulla kina jina mfano.or.ke. Jina kama hilo huitwa jina la kikoa. Watu husoma habari za kikundi kwa kuandika www.mfano.or.ke, na humwandikia katibu wake kupitia katibu@mfano.or.ke.

Jina lenyewe husajiliwa kupitia msajili aliyeidhinishwa na KeNIC, taasisi inayosimamia majina yote yanayoishia na .ke. Tovuti huwekwa kwenye seva, yaani kompyuta isiyozimwa, ya kampuni inayokodisha nafasi. Barua pepe nazo zaweza kuhifadhiwa na kampuni nyingine kabisa, kama vile Google au Microsoft, ambazo huuza huduma hiyo kwa kila mtumiaji kwa mwezi.

Kutenganisha huduma hizo kuna manufaa. Kampuni ya bei nafuu yaweza kutosha kwa tovuti yenye kurasa chache, lakini barua pepe huhitaji kinga thabiti dhidi ya barua taka na virusi. Aidha, seva ya tovuti ikianguka, barua huendelea kufika. Shule nazo huvutiwa na Google kwa sababu kampuni hiyo ina toleo la bure kwa taasisi za elimu.

Swali ni hili: Je, kompyuta iliyo Geneva hujuaje kwamba msomaji wa mfano.or.ke apelekwe seva moja, na barua ya mfano.or.ke ipelekwe nyingine?

Mwenye kujua zamu

Wakazi wa Garbatulla wana mfano wa karibu. Katika desturi za Waborana, mifugo haipelekwi kisimani kiholela. Yuko msimamizi aitwaye aba herega, ambaye hupanga zamu na kujua ni kundi la nani linywe siku gani. Mgeni anayefika na ngamia wake hamwulizi kila mtu. Humwendea yeye kwanza, naye humwelekeza.

Katika intaneti, kazi ya kuelekeza hufanywa na mfumo wa majina ya vikoa, unaofahamika kwa herufi DNS. Mfumo huo uliasisiwa mwaka wa 1983 na Paul Mockapetris, mtaalamu wa kompyuta nchini Marekani. Kabla yake, majina yote ya kompyuta zilizounganishwa yalikuwa katika orodha moja iliyonakiliwa na kusambazwa kila mara, na orodha hiyo ilikuwa imeanza kuwa ndefu kupita kiasi.

Mnamo Januari 1986, Craig Partridge alichapisha utaratibu wa rekodi maalumu ya kuelekeza barua. Kwa hivyo, uwezo wa kutenganisha barua na huduma nyingine za jina lilelile ni wa tangu kabla ya tovuti ya kwanza kuwepo duniani. Kikoa cha .ke chenyewe kilisajiliwa mwaka wa 1993.

Umuhimu wa mfumo huo ulidhihirika Oktoba 4, 2021, wakati Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotoweka kwa takriban saa sita. Maelfu ya seva za kampuni hiyo yalikuwa mazima. Lakini hitilafu iliyozuka wakati wa ukarabati wa kawaida ilikata mawasiliano kati ya vituo vyake, na seva zake za majina zikawa hazifikiki. Simu za Isiolo na za London ziliuliza njia, zikakosa wa kuzijibu.

Rekodi zinazohusika

Daftari la kila jina huwekwa kwenye seva za majina. Rekodi aina ya NS ndizo zinazoutangazia ulimwengu ni seva zipi zinazolishikilia daftari hilo. Ndani ya daftari mna rekodi za aina mbalimbali, lakini chache tu ndizo zinazomhusu mwenye tovuti ya kawaida.

Rekodi ya A huelekeza jina kwa nambari ya seva ya tovuti, kwa mfano 192.0.2.10. Rekodi ya CNAME hulifanya jina moja kuwa lakabu ya jingine, kwa mfano www.mfano.or.ke kufuata popote mfano.or.ke inapoelekea.

Rekodi ya MX ndiyo ya barua. Hutaja jina la seva inayopokea barua za kikoa, pamoja na nambari ya kipaumbele. Nambari ndogo hujaribiwa kwanza. Seva hiyo isipopatikana, hujaribiwa yenye nambari inayofuata. Rekodi hii lazima itaje jina la seva, wala si nambari zake, na jina hilo lisiwe lakabu.

Kwa mantiki hiyo, kikundi cha Garbatulla kinachotaka tovuti iwe Nairobi na barua ziwe Google kinahitaji mambo mawili tu: rekodi ya A inayoelekea seva ya Nairobi, na rekodi za MX zinazoelekea seva za Google. Rekodi hizo hukaa katika daftari moja bila kugombana.

Jambo moja la kuhadhari ni lakabu. Baadhi ya kampuni za kutengeneza tovuti huwaagiza wateja waweke CNAME. Hiyo yafaa kwa www pekee. Jina kuu, yaani mfano.or.ke bila www, halikubali CNAME kwa sababu lakabu haiwezi kuandamana na rekodi nyingine, zikiwemo za MX.

Kosa linavyotokea

Fundi anapokabidhiwa kazi ya kuhamisha tovuti, kampuni mpya mara nyingi humtumia maagizo mafupi: badilisha seva za majina ziwe zetu. Akifanya hivyo, hajahamisha tovuti peke yake. Amehamisha daftari zima, na daftari jipya halina rekodi za zamani. Ni kama kumleta aba herega mgeni bila kumpa orodha ya zamu.

Kinachofuata ndicho huwachanganya wengi. Daftari likikosa rekodi za MX, mtumaji harudi nyuma mara moja. Kwa mujibu wa kanuni za barua pepe, seva yake hujaribu kupeleka barua kwenye nambari iliyo katika rekodi ya A, yaani seva ya tovuti. Seva hiyo ikikataa kwa kusema hakuna mtu wa jina hilo, barua humrudia mwenyewe papo hapo. Ikiwa haijibu kabisa, seva ya mtumaji huendelea kujaribu, kwa kawaida kwa siku nne au tano, kisha hukata tamaa.

Lakini hali mbaya zaidi ni pale seva ya tovuti inapozikubali barua. Kampuni nyingi za kukodisha nafasi hufungua huduma ya barua pamoja na tovuti, hata kama mteja hakuiomba, na huongeza rekodi ya MX inayojielekeza zenyewe. Barua huingia katika sanduku ambalo hakuna anayelifungua. Mtumaji haoni kosa lolote. Katibu naye haoni barua yoyote.

Tatizo hilo laweza kubaki hata baada ya rekodi za MX kurekebishwa. Fomu ya mawasiliano iliyo kwenye tovuti hutuma ujumbe kutoka seva ya tovuti yenyewe. Iwapo seva hiyo bado inaamini kwamba ndiyo mwenyeji wa barua za mfano.or.ke, haitauliza daftari. Itauweka ujumbe ndani mwake. Fundi hana budi kuingia katika ukurasa wa usimamizi na kuieleza seva kwamba barua za jina hilo zinapokelewa nje.

Njia ya salama

Njia rahisi ni kuliacha daftari lilipo na kubadilisha rekodi ya A tu, pamoja na ya www ikiwa inajitegemea. Tovuti itahama, barua hazitaguswa.

Ikiwa ni lazima seva za majina zibadilishwe, daftari lote linakiliwe kwanza, rekodi kwa rekodi, na liandikwe upya kwenye seva mpya kabla ya kufanya mabadiliko kwa msajili. Yeyote mwenye kompyuta anaweza kuona rekodi za barua zilizopo kwa amri hii: nslookup -type=mx mfano.or.ke. Jibu lichapishwe na lihifadhiwe.

Jambo la pili ni muda. Kila rekodi ina kipimo kiitwacho TTL, kinachohesabiwa kwa sekunde, ambacho huzieleza kompyuta nyingine zikumbuke jibu kwa muda gani. TTL ya 86400 ni siku nzima. Katika muda huo baadhi ya watu watapelekwa seva mpya na wengine ya zamani. Kwa hivyo inafaa TTL ipunguzwe hadi 300, yaani dakika tano, siku moja au mbili kabla ya kuhama, kisha irejeshwe kazi inapokamilika. Seva ya zamani isifungwe siku hiyohiyo.

Baada ya kuhama, barua za majaribio zitumwe kutoka anwani ya nje, na fomu ya tovuti ijazwe pia. Kuiona tovuti ikifunguka hakuthibitishi kwamba barua zinafika.

Barua zinazotoka

Rekodi za MX zinahusu barua zinazoingia tu. Zile zinazotoka huchunguzwa na mpokeaji kupitia rekodi za TXT. Ya kwanza ni SPF, inayoorodhesha seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la shirika. Pale tovuti na barua zinapokaa sehemu mbili, na tovuti nayo inatuma ujumbe, sehemu zote mbili sharti zitajwe katika rekodi moja. Kuandika rekodi mbili za SPF ni kosa linalobatilisha zote.

Ya pili ni DKIM, ambayo hubeba ufunguo wa kuthibitisha muhuri wa kila barua. Ya tatu ni DMARC, inayomweleza mpokeaji azifanyie nini barua zisizofaulu uchunguzi huo. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo huwataka wanaotuma barua kwa wingi wawe na zote tatu, na hata mtumaji mdogo hutakiwa awe angalau na mojawapo ya zile mbili za kwanza. Shirika lisilojali rekodi hizo laweza kupokea barua vyema huku majibu yake yakiishia kwenye barua taka za mfadhili.

Daftari ni la nani?

Zaidi ya ufundi, kuna suala la umiliki. Mara nyingi jina la kikundi husajiliwa na kijana aliyejitolea au fundi wa mjini, kwa anwani yake ya kibinafsi. Akihama au akikosana na kamati, neno la siri huondoka naye, na ada ya kila mwaka ya jina isipolipwa, tovuti na barua hukatika pamoja, hata kama kampuni zinazozihifadhi zimelipwa kikamilifu.

Kwa sababu hiyo, jina lapaswa kusajiliwa kwa niaba ya shirika lenyewe. Anwani ya mawasiliano iliyo kwa msajili isiwe ya kikoa kilekile, kwani barua zikikatika, hata ujumbe wa kurejesha neno la siri hautafika. Maafisa wawili wa kamati wawe na uwezo wa kuingia, na nakala ya rekodi zote ikae katika faili ya ofisi pamoja na cheti cha usajili na vitabu vya benki.

Nakala hiyo haizidi ukurasa mmoja. Siku fundi atakapokuja kuhamisha tovuti, katibu amwonyeshe mstari wa A na kumwambia abadilishe huo, kisha amwonyeshe mistari ya MX na kumwomba asiiguse.