"Batili" Haitoshi: Istilahi za Hitilafu za Vyeti katika Kuhawilisha Mafaili

Katika ofisi moja, karani aliyetakiwa kupeleka mafaili ya mishahara kwenye seva alikutana na tangazo hili katika kioo cha kompyuta yake: "Cheti ni batili. Utaendelea?" Akabonyeza "Ndiyo", kwa kuwa tangazo hilo hilo lilikwisha kutokea juma lililotangulia, na mwenzake akamwambia kuwa halina neno. Katika lugha ya asili, hata hivyo, matangazo yalikuwa mawili. La kwanza lilieleza kuwa muda wa cheti umekwisha. La pili, kuwa mtoaji wa cheti hatambulikani. Mfasiri ndiye aliyeyafanya kuwa moja. Siku hiyo ilibidi nywila zote za ofisi zibadilishwe.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kila hitilafu ya cheti yastahili istilahi yake, kwa sababu kila moja ina dawa yake.

Kwanza tuitazame dhana yenyewe. Seva inayofuata itifaki ya FTPS hutoa cheti kabla ya kupokea faili lolote. Cheti hicho hufuata kiwango cha X.509, kilichotangazwa mara ya kwanza mwaka 1988. Ndani yake mna jina la seva, ufunguo wake wa hadhara, tarehe ya kuanza na ya kukoma, pamoja na sahihi ya mtoaji. Tunaweza kukifananisha na barua ya utambulisho itolewayo na serikali ya mtaa: anayeipokea hukagua jina, tarehe na mhuri. (Itifaki ya SFTP, ijapokuwa jina lake linakaribiana na hilo, kwa kawaida hutegemea funguo tupu, wala si vyeti vya namna hii.)

Neno "batili" tumelirithi kutoka katika sheria. Mkataba batili haukuwa na nguvu tangu mwanzo. Mkataba uliokwisha muda ulikuwa na nguvu, ukamaliza kazi yake. Kwa hiyo si sawa kuliita kila kosa la cheti ubatili. Tunapendekeza istilahi zifuatazo:

(a) Cheti kilichokwisha muda. Mtumiaji aanze kwa kukagua saa na tarehe ya kompyuta yake, kwani saa iliyopotoka huweza kukikataa cheti kizuri. Saa ikiwa sahihi, mwenye seva hana budi kupata cheti kipya.

(b) Jina lisilolingana. Aghalabu mtumiaji ameandika anwani ya tarakimu, au jina la mkato, badala ya jina lililomo katika cheti. Aandike jina kamili alilopewa na mwenye seva. Tofauti ikibaki, asiendelee mpaka amemwuliza.

(c) Mtoaji asiyetambulikana. Vyeti hushikana kama mnyororo: cheti cha seva hutiwa sahihi kwa cheti cha kati, nacho kwa cheti cha shina kilichohifadhiwa katika kompyuta ya mtumiaji. Pengine seva imesahau kuonyesha cheti cha kati. Pengine kompyuta ni ya zamani. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha shina kiitwacho DST Root CA X3 kilifikia ukomo wake. Kompyuta kadha wa kadha za zamani, ambazo hazikuwa na cheti kipya cha shina cha ISRG Root X1, zikazikataa seva zilizokuwa halali. Lakini pengine pia aliyejibu ni laghai.

(d) Cheti cha kujitilia sahihi. Hapa seva imejidhamini yenyewe. Mtumiaji ampigie simu mwenye seva, kwa namba anayoijua tangu zamani, walinganishe alama bainishi ya cheti, tarakimu kwa tarakimu.

(e) Cheti kilichofutwa. Kama leseni ifutwavyo, cheti hiki kimeondolewa nguvu kabla ya tarehe yake. Mtumiaji asimame papo hapo. Mwaka 2011 wavamizi waliingilia kampuni ya DigiNotar ya Uholanzi wakatoa vyeti vya uongo, kimojawapo kwa jina la Google, kikatumika dhidi ya watumiaji wa Iran. Kampuni hiyo ilifilisika mwaka huo huo.

Msomaji ataona kwamba katika (a) kosa laweza kuwa la saa tu, hali katika (e) kuendelea ni kumkabidhi mtu usiyemjua nywila na mafaili. Neno moja haliwezi kuzibeba hali zote hizo bila kumpotosha mtumiaji.

Twawaomba wafasiri, kabla ya kuandika "batili", wajiulize: muda, jina, mtoaji, sahihi, au kufutwa? Nao walimu wawafundishe wanafunzi kusoma tangazo lote kabla ya kubonyeza.