Kahawa imezeeka pamoja na wenyewe



Ku radio tunasikia mara kwa mara kwamba inchi fulani imezeeka. Japani ndiyo inatajwa zaidi: kule karibu watu 3 ku 10 wamepita miaka 65, na wakulima wengi pia ni wazee. Tukizungumza jambo hilo mu mikutano, watu wanacheka. Wanasema: hiyo ni shida ya wenye kuzaa mutoto mumoja, sisi tuko na watoto tele. Ni kweli. Mu Congo karibu nusu ya watu hawajafika miaka 15. Lakini musimame siku moja ku stasheni ya kuoshea kahawa, kandokando ya ziwa Kivu, Kalehe, Idjwi ao Minova, mutazame nani anashusha ndoo. Ni mama mwenye mvi, na nyuma yake muzee anayeshika fimbo. Inchi ni kijana, lakini shamba la kahawa ni la wazee.

Haikuja kwa siku moja. Mwisho wa miaka ya 1980 inchi yetu ilikuwa inauzisha ngambo tani zaidi ya 100 000 za kahawa kwa mwaka. Mu 1989 mapatano ya inchi zote juu ya kugawanya soko la kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka. Kisha vita vikaingia. Wengi walivusha kahawa usiku kwa mutumbwi mpaka Rwanda, na wengine ziwa liliwameza. Nani angepanda miti mipya mu hali ile? Aliyekuwa na miaka 35 wakati ule sasa anapita 70, na miti yake ni ileile. Watoto wake waliona kwamba kahawa hailipe. Wakaenda kuchimba koltani na kasiterite, Numbi na Nyabibwe, ao kuendesha moto Goma na Bukavu. Hatuwalaumu. Mu chimbo feza inaonekana juma hiihii, mu kahawa unangojea musimu.

Sasa tuone uzee unaingia namna gani mu mufuko wa koperative. Kahawa inaiva kidogokidogo: lazima kurudi mu shamba mara nyingi, kuchuma zile nyekundu tu, na kuzifikisha ku stasheni siku ileile. Muzee ambaye magoti yanamuuma hawezi kupanda mulima kila juma. Anangoja, kisha anavuta tawi lote mara moja, nyekundu na mbichi pamoja. Ku stasheni zinachaguliwa, mbichi zinakataliwa, na analipwa kidogo. Akitaka kulipa wachumaji, anakosa feza mbele ya mavuno. Ndipo mufanyabiashara anakuja kununua kahawa ingali maua, kwa bei anayotaka yeye. Pensheni haiko: CNSS inalipa wale waliokatwa mushahara, na mukulima hakukatwa kitu. Pensheni yake ni miti ile.

Na miti imechoka. Muti usiokatwa miaka mingi unapanda juu, unazaa ku ncha tu, na ndani ya giza la majani yake mududu antestia anajificha. Mududu huyo anatoboa tunda, na kisha kikombe kinatoa ladha ya kiazi mbichi. Mununuzi wa mbali hajui shamba ni la nani. Anakataa mizigo yote, na hata kijana aliyefanya kazi vizuri anapoteza.

Dawa inajulikana: kukata muti mukubwa ili uzaliwe upya. Unakata kwa musumeno, sentimeta 30 mpaka 40 kutoka udongo, kwa mushazari ili maji ya mvua yasikae juu ya kisiki. Ni kazi ya mwisho wa kiangazi, mwezi wa nane, mbele ya mvua ya mwezi wa tisa. Machipukizi yatatoka mengi; unaacha 2 ao 3 yenye nguvu, mengine unaondoa. Mavuno mazuri yanarudi mu mwaka wa tatu.

Tulieleza hayo mu kijiji kimoja, na muzee mumoja akainua mukono. «Munataka nikate, nikae miaka miwili bila kitu. Nitakula nini? Na nani alisema mimi nitakuwa hai mwaka wa tatu?» Watu walicheka, yeye hakucheka. Hatukuwa na jibu siku ile.

Jibu tulilipata pole pole, na si sisi tulilileta, ni wamemba wenyewe. Kwanza, hukati yote. Ukiwa na miti 400, unakata 100 kila mwaka. Ile 300 inaendelea kukulisha. Pili, pale ulipokata jua linaingia, na maharagi yanaota vizuri kati ya visiki. Basi kijana anakata, anapalilia na kuchagua machipukizi. Kwa malipo anapata kuni, na anavuna maharagi ya pale miaka miwili. Kuanzia mavuno ya kwanza ya miti mipya, wanagawanya kahawa jinsi walivyopatana.

Mara ya kwanza ilivunjika. Mapatano yalikuwa ya mudomo tu, na maharagi yalipokauka muzee akasema udongo ni wake. Vijana wakarudi ku chimbo. Tangu pale tunaomba karatasi moja, lugha rahisi, vidole vya wote wawili na mashahidi wawili, kopi ibaki kwa sekretere.

Inabaki jambo ambalo watu hawapendi kutaja: siku muzee anakufa. Wengine wanaona kuzungumza kifo ni kukiita. Lakini tuliona shamba moja likiuzishwa ndani ya mwezi mumoja na watoto waliotoka muji. Mununuzi alingoa kahawa, akapanda eukalipti. Mama aliyechuma pale miaka yote alienda kuishi kwa ndugu yake, na hisa ya bwana wake mu koperative haikujulikana ni ya nani.

Sheria ya jamaa ya 1987 haisemi hivyo. Robo tatu ya mali ni ya watoto, wasichana sawa na wavulana. Mujane ana haki ya kukaa mu nyumba waliyoishi, na kutumia nusu ya shamba lililo karibu na nyumba ambalo walikuwa wanalima wenyewe. Wengi wanaambiwa kinyume ku matanga, wakati hawana nguvu ya kujibu.

Kwa hiyo tunaomba kila komite, mbele ya mwezi wa nane, ipitie daftari ya wamemba jina kwa jina. Pembeni muandike: ana miaka ngapi, miti yake ni ya mwaka gani, nani anafanya kazi mu shamba, na hisa itaenda kwa nani. Mama aandikwe naye kama memba, si kama bibi wa memba. Kijana mwenye karatasi ya kugawanya kahawa aruhusiwe kununua hisa yake kidogokidogo, na akae mu mukutano mukubwa pamoja na wengine. Mu komite nyingi kiti kiko cha wazee tu, na vijana wanatuambia hiyo ndiyo sababu ya pili ya kuondoka kwao. Misumeno miwili inatosha kwa kijiji. Inaweza kununuliwa na likelemba ao na kikundi cha akiba. Animatera wetu atapita kuona daftari na kuonyesha namna ya kukata ku shamba la yule atakayekubali wa kwanza.