Simu Ilifika Tanga, Ikakataa Laini

Mwaka 2019 nilinunua simu iliyotumika hapa London, nikampelekea mama Tanga kwa mkono wa jirani aliyekuwa akienda likizo. Mdogo wangu akaweka laini ya huko. Simu ikawaka vizuri, ikapiga picha, lakini mtandao ikaukataa. "Dada, inadai namba ya siri," akaniambia. Fundi wa mtaani akataka shilingi 30,000 kuifungua.

Haikuwa mbovu. Kampuni iliyoiuza mwanzo iliifunga isikubali laini ya mtandao mwingine, ili mteja asihame.

Watengenezaji wa kompyuta nao wana mchezo huu. Mwaka 2010 Intel ilianza kuuza kadi ya dola 50. Mwenye kompyuta yenye prosesa ya Pentium G6951 alipakua programu, akaingiza namba ya kwenye kadi, na prosesa ikaongeza kasi. Hakuna kipande kilichobadilishwa: uwezo ulikuwa mle ndani tangu kiwandani, umezimwa. Wenye kuutetea mpango huo walisema mnunuzi alilipa bei ya chini akapata alicholipia. Sawa, ila nani alimwambia dukani kwamba kuna kitu kimefungwa?

Printa ndizo zinazotuumiza zaidi sisi wenye watoto wa shule, maana wino ni ghali. Septemba 2016 baadhi ya printa za HP zilianza kukataa katriji za kampuni nyingine, hata zile zilizokuwa zikikubaliwa jana yake. Programu ya ndani ndiyo iliyokataa, si mashine. Baada ya malalamiko HP iliomba radhi kwa kutowaeleza wateja vizuri, ikatoa programu ya kuondoa kizuizi kwa baadhi ya printa hizo.

Kwa simu, Uingereza imesaidia. Tangu Desemba 2021 Ofcom imekataza kampuni za simu kuuza simu zilizofungwa. Lakini za zamani bado zinazunguka sokoni, na ndizo tunazozinunua kwa ajili ya nyumbani.

Kwa hiyo ukienda kununua iliyotumika, beba laini ya mtandao mwingine. Iweke, piga, usikie sauti, ndipo utoe pesa. Kwa printa, uliza kwanza kama inakubali wino usio wa kampuni yake. Muuzaji akianza kuzunguka, rudisha pochi mfukoni.

Mama alilipa zile elfu thelathini. Hadi leo hajaniruhusu nimrudishie.