Ng'ombe wa maziwa: mwite daktari kabla ya kulipa

Wasikilizaji wengi hutuuliza bei ya mtamba mwenye mimba. Sisi huanza na swali jingine: hiyo mimba nani ameithibitisha? Tumbo kubwa linaweza kuwa majani na maji tu. Daktari wa mifugo huvaa glovu ndefu, akaingiza mkono njia ya haja kubwa na kupapasa mfuko wa uzazi. Mimba ikifika miezi mitatu, mwenye uzoefu huitambua.

Kama ng'ombe ameshazaa, kiwele nacho kipimwe. Maziwa yanaweza kuonekana safi kumbe chuchu moja inaumwa. Yakichanganywa na dawa ya kupimia huwa mazito kama uteute papo hapo.

Lakini tunachosisitiza zaidi ni kipimo cha damu cha brusela, ugonjwa wa kutupa mimba. Ng'ombe mwenye brusela anaweza kunenepa na kung'aa. Akiingia zizini huambukiza wenzake, na watu nyumbani huupata kwa kunywa maziwa mabichi au kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Homa yake huja na kuondoka, na wengi hudhani ni malaria.

Majibu ya damu huchukua siku kadhaa. Toa malipo kidogo ya awali, muandikiane mbele ya mwenyekiti wa kijiji, ng'ombe abaki kwa muuzaji hadi majibu yatoke. Daktari umtafute wewe, si muuzaji. Na muuzaji akikataa ng'ombe asipimwe, mwachie ng'ombe wake.