Kwa Nini Alibaki Maalim?

Huku kwetu Bumula, mwalimu akiingia siasani, jina analolitupa kwanza ni lile la ualimu. Jana alikuwa Mwalimu fulani, mwenye vumbi la chaki mkononi na deni la sukari dukani. Leo ni Mheshimiwa, na ole wako umwite vinginevyo hadharani. Siwalaumu sana, maana kazi yetu haijapata kuenziwa ipasavyo. Lakini majuzi mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha nne aliniuliza kwa nini Wazanzibari walimwita Seif Sharif Hamad "Maalim" hadi kaburini, ilhali aliwahi kuwa Waziri Kiongozi na Makamu wa Rais. Nilikosa jibu la papo hapo.

Alizaliwa Oktoba 1943 huko Mtambwe, kisiwani Pemba, nchi ya mikarafuu na wavuvi ambayo wengi wetu huku bara hatujui hata kuionyesha kwenye ramani. Alihitimu masomo ya sekondari Unguja mwaka 1963. Miezi michache baadaye yakaja Mapinduzi, Waingereza wakaondoka, na vijana waliofaulu wakahitajika madarasani. Seif akafundisha, Pemba na Unguja, hadi mwaka 1972 alipopata kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hebu mwalimu mwenzangu uitafakari hali hiyo: kijana aliyestahili chuo kikuu akiwa na umri wa miaka ishirini, anakwenda akikaribia thelathini, kwa kuwa taifa lilimhitaji ubaoni. Nadhani jina lile lilishika mizizi katika miaka hiyo, wala si katika ile ya ukubwa.

Ukubwa nao ulimjia. Akawa Waziri wa Elimu wa Zanzibar mwaka 1977, na Februari 1984 akawa Waziri Kiongozi, wakati milango ya biashara visiwani ilipoanza kufunguliwa. Januari 1988 akafutwa kazi, kisha akafukuzwa chamani. Kuanzia Mei 1989 hadi Novemba 1991 alikuwa kizuizini, akituhumiwa kuwa na nyaraka za siri za serikali.

Mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, alikuwa miongoni mwa waasisi wa CUF. Katika uchaguzi wa 1995 alitangazwa kupata asilimia 49.8 dhidi ya 50.2 za Salmin Amour, hesabu ambayo watazamaji wa nje waliitilia shaka. Akagombea tena 2000, 2005, 2010, 2015 na 2020, na hakutangazwa mshindi hata mara moja. Uchaguzi wa 2015 ulifutwa kabla matokeo hayajakamilika. Mwezi Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi, na Wapemba zaidi ya elfu mbili wakavuka bahari hadi Shimoni, pwani yetu hapa Kenya. Ajabu ni kwamba jambo hilo lililotufikia mlangoni halizungumzwi madarasani mwetu.

Darasa langu lilifarakana juu ya Novemba 2009, alipokwenda kukutana na Rais Amani Karume. Mazungumzo yale yalizaa kura ya maoni ya Julai 2010, ambayo asilimia 66 waliiunga mkono, na serikali ya umoja ambamo Seif alikuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Nusu ya darasa ilisema amewauza watu wake. Sisi wa upande huu tunaijua hoja hiyo. Wamalwa Kijana alipotoka upinzani hadi kuwa Makamu wa Rais mwaka 2003, hakuna aliyemwita msaliti, kwani alikuja na ushindi. Seif aliingia bila ushindi.

Mimi nasimama naye. Waliokuwa wakilipa gharama ya msimamo mkali hawakuwa wasemaji wa majukwaani bali wachuma karafuu wa Pemba, naye alikuwa mmoja wao kwa asili. Lakini msichana aliyeanzisha mjadala hakuniacha.

"Mwalimu, kama umoja ule ulifaa, mbona 2015 uchaguzi ukafutwa yeye akiwa ndani ya serikali?"

Nilikubali kwamba haukumlinda. Hata hivyo, Desemba 2020 akaapishwa tena katika cheo kile kile, chini ya Rais Hussein Mwinyi, safari hii akiwa wa ACT-Wazalendo. Hilo silitetei kwa wepesi, kwa kuwa machungu ya uchaguzi wa mwaka huo yalikuwa mabichi bado.

Wiki chache baadaye chama chake kilitangaza kwamba ameambukizwa korona, katika nchi ambayo wakuu wake walikuwa wakisema ugonjwa umekwisha. Alifariki Februari 17, 2021, akazikwa kesho yake Mtambwe. Msichana yule bado anashikilia kwamba 2020 alikosea. Nimempa alama zake zote.