Mume Wangu Alitaka Datsun

Kama mume wako amewahi kurudi nyumbani macho yaking'aa, akakwambia ameona kitu "cha bei nafuu kabisa", basi utanielewa upesi.

Wangu alikuja hivyo mwaka 2023, miezi mitatu baada ya kupata kiinua mgongo. Hapa kwetu Nyarubungo mtu akistaafu hununua bati, au ng'ombe wa maziwa, au pikipiki ya kumpa kijana afanye bodaboda. Mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu ya bati. Yeye alikuwa na picha kwenye simu: gari jekundu, au tuseme lililowahi kuwa jekundu, limewekwa juu ya matofali chini ya mwembe huko Mwanza. Kuku wawili walikuwa wamelala juu ya boneti.

"Mama, hii ni Datsun 240Z," alisema, kwa sauti ya mtu anayemtaja ndugu aliyepotea siku nyingi.

Milango miwili, viti viwili. Na sisi tuna watoto watano.

Gari la Safari

Msije mkadhani baba watoto amerukwa na akili. Mwaka 1972 mashindano ya magari ya East African Safari yalianzia na kuishia Dar es Salaam, siku za Pasaka. Yeye alikuwa mtoto wa miaka minane, akiishi huko na baba yake mdogo. Alibebwa mabegani akayaona yale magari yakiondoka moja moja. Mwaka huo alishinda Hannu Mikkola wa Finland kwa Ford Escort, lakini mtoto alipenda Datsun zenye pua ndefu, na mapenzi hayo hayakumtoka.

Ni gari lenye sifa kweli. Lilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1969, injini yake ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na bei yake ilikuwa chini kuliko magari mengi ya spoti ya Ulaya. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda Safari kwa gari hilo, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akawa wa pili kwa gari kama hilo. Mwaka 1972 familia ya Mehta ilifukuzwa Uganda pamoja na Waasia wengine. Mwaka uliofuata, akiwa amehamia Kenya, alishinda yeye. Alilingana pointi na Harry Källström wa Sweden, ikabidi iangaliwe ni nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza.

(Na msidhani mambo haya ni ya wanaume tu. Mwaka 1961 Anne Hall na Lucille Cardwell walimaliza Safari wakiwa wa tatu, ndani ya Ford Zephyr. Mwaka 1983 Michèle Mouton wa Ufaransa naye akawa wa tatu, na msoma ramani wake alikuwa mwanamke mwenzake, Fabrizia Pons wa Italia. Nilipoyajua haya, hasira yangu ilipungua kidogo.)

Siku mbili za kimya

Ilipungua baadaye, lakini. Mwanzoni sikusema neno kwa siku mbili. Nilipika, nikapakua, nikaenda shambani. Binti yetu wa mwisho alikuwa mwaka wa kwanza chuo cha uuguzi, na ada ya miaka iliyobaki ilikuwa ndani ya fedha hiyo hiyo. Bei ya lile gari ilikuwa shilingi milioni 8.

Siku ya tatu jioni baba watoto alijitetea. Alikuwa amesikia kwamba Januari 2020 Datsun 240Z moja iliuzwa Marekani kwa dola 310,000. Ni kweli, iliuzwa. Lakini gari lile lilikuwa limetunzwa tangu likiwa jipya, halikuwa limelaliwa na kuku. Kijana wetu wa pili, ambaye hupenda kuchunguza mambo, alitusomea jambo jingine. Katika miaka ya 1990 Nissan wenyewe, kule Marekani, walianza kununua 240Z kuukuu, kuzitengeneza upya na kuziuza kwa karibu dola 25,000 kila moja. Walikusudia kutengeneza kama 200. Hawakufika hata 50, kwa sababu kila gari lilimeza fedha kuliko walivyokadiria. Hao ndio waliolitengeneza, wenye mafundi na spea!

Hapo sote tulinyamaza. Mume wangu akasema polepole, "Basi si biashara. Ni kwamba nalipenda tu."

Niseme ukweli, jibu hilo ndilo lililonifungua moyo. Kwa miaka thelathini na zaidi mtu huyu aliendesha magari ya watu wengine katika vumbi la Ngara na Biharamulo. Mishahara yake iliingia katika ada, dawa na misiba. Hakuwahi kuomba kitu cha kwake. Tukachukua daftari, tukafanya kama yule mtu wa Injili anayekaa kwanza kuhesabu gharama za mnara. Ada yote ya binti ikaenda benki katika akaunti yake. Bati likanunuliwa. Kilichobaki tukakigawa, na fungu la gari likawa milioni 10, kununua na kutengeneza. Likiisha, kazi inasimama hata kama gari halina milango. Hakuna kukopa, hakuna kugusa shamba. Tukatia sahihi wote wawili. Nikaongeza sharti moja: twende wote kuliona.

Sumaku na kadi ya gari

Tulisafiri kwa basi kupitia Biharamulo na Geita, tukavuka Busisi kwa kivuko, kwani daraja lilikuwa bado halijafunguliwa. Mfukoni nilikuwa na sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Fundi mmoja alinifundisha: pitisha sumaku kwenye bodi, pale isiponasa ujue bati limeshaliwa na kutu, pamejazwa puti na kupakwa rangi. Basi nilizunguka gari lile kama nesi anayepima watoto kliniki. Chini ya milango haikunasa. Nyuma ya magurudumu haikunasa. Sakafu ya upande wa dereva niliibonyeza kwa kidole, kidole kikatokea upande wa pili.

Namba ya chesisi ilianza na HS30, kama inavyotakiwa kwa 240Z ya usukani wa kulia. Lakini boneti ilipofunguliwa mume wangu alishika kichwa. Ndani mlikuwa na injini ya silinda nne, ya pikapu.

Muuzaji, kijana mchangamfu, akashusha bei papo hapo mpaka milioni 5. Baba watoto alikuwa tayari kukubali. Mimi nikaomba kuona kadi ya gari.

Jina halikuwa la yule kijana. "Ni la marehemu baba yangu mkubwa," alisema.

"Aliacha mke?"

Akatazama pembeni. Mke alikuwepo, mita hamsini kutoka tulipokuwa tumesimama, katika chumba cha uani. Hakuna aliyemwambia kwamba gari linauzwa.

Wapendwa akina mama, mnajua jinsi mambo haya yanavyokwenda. Kwanza gari, halafu kiwanja. Tulikwenda kumsalimu. Bibi yule alitukaribisha chai, akatusimulia kwamba mumewe alikuwa akimpeleka kwa gari hilo kununua samaki Jumamosi, na yeye alikuwa akificha kichwa kwa sababu watu wote walitazama. Alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akauliza, "Kwani mmeshampa fedha?"

Hatukuwa tumetoa hata senti. Mume wangu alimwambia yule kijana kwamba tutanunua kwa mwenye haki au hatununui. Ikachukua miezi mitano. Ukoo ulikaa, mahakama ya mwanzo ikamteua yule bibi kuwa msimamizi wa mirathi, na hapo ndipo uhamisho wa kadi ulipoweza kufanyika TRA kwa sahihi yake. Tulimlipa milioni 4, mkononi mwake, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mume wangu alilalamika njia nzima kwamba bila mimi angekuwa ameshaanza kupiga msasa.

Lilipofika

Gari lilikuja juu ya Fuso, na nusu ya kijiji walikuja kutazama. Kazi ya kwanza ilikuwa kukata sakafu yote na kuchomelea bati jipya, kwa sababu gari hili halina fremu ya kujitegemea kama Land Rover. Bodi ndiyo nguvu yake, na ikioza hakuna cha kushikilia. Rangi ni ya mwisho, akina mama, hata kama ndiyo watu wanayoisifia.

Injini ya asili hatukuipata. Tulipata ndugu yake, ya silinda sita kutoka Datsun 280C, huko Dar es Salaam. Ni ya ukoo uleule na inakaa vizuri. Walio wakali wa mambo haya watasema si halisi tena. Na waseme. Kabureta mbili zilitutesa kuliko vyote, maana moja ikivuta zaidi ya mwenzake injini inakohoa kama mzee mwenye pumu.

Fungu la milioni 10 liliisha mwezi wa nane mwaka jana, na kazi ikasimama kama tulivyoandika. Mume wangu sasa anafunga mashine za kusaga za watu, na robo ya anachopata inaingia kwenye kopo la gari. Binti yetu amemaliza chuo.

Mwezi uliopita liliwaka. Tulikwenda mpaka barabara kuu na kurudi, bila kioo cha mbele kwa sababu mpira wake bado haujafika, nami nimejifunga kitenge usoni kwa ajili ya vumbi. Tulimpigia simu yule bibi wa Mwanza ili asikie mlio. Alisikiliza kitambo, kisha akauliza kama bado lina harufu ya samaki.